CK ikiwa juu, usikimbilie kusema ni moyo

Mbio za Kilimanjaro zikiisha, au msimu wa mlima ukipamba moto, fomu za majibu huanza kumiminika mezani kwangu hapa Moshi. Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Mtu anaingia anachechemea, mapaja yamekakamaa, mkononi ana karatasi ya majibu ya damu yenye CK (kreatini kinasi, kimeng'enya cha misuli) iliyozungushiwa wino mwekundu, na kauli ni ile ile: "Dokta, moyo wangu umeanza kuharibika." Nimeisikia vya kutosha.

"CK imepanda, kwa hiyo moyo umeumia"

Sehemu kubwa ya CK mwilini imo kwenye misuli ya kawaida, ya mapaja, mgongo na mabega, na kazi yake ni humo humo ndani ya seli. Msuli hukaza kwa kutumia ATP, yaani nishati ya seli iliyo tayari kutumika, na ATP iliyopo ni kidogo mno: kazi ya nguvu zote ingeimaliza kwa sekunde chache tu. Hapo ndipo kimeng'enya hiki kinapoingia. Kinatoa fosfati kwenye fosfokreatini, akiba ya haraka ya msuli, na kuibandika kwenye ADP, yaani ATP iliyokwisha kutumika, na ATP inapatikana upya papo hapo, bila kungoja oksijeni wala sukari ivunjwe. Ni wakala wa pesa wa mtaani: pesa hatengenezi yeye, ila anakupa haraka wakati benki iko mbali, na ukitulia anaenda kujaza floti. Benki yenyewe ni mitokondria, mitambo ya nishati ndani ya seli. Floti hiyo inakufikisha kama sekunde 10 za mbio za nguvu zote. Ukipumzika, nusu yake hurudi ndani ya nusu dakika hivi, na karibu yote kwa dakika 3 hadi 5. Ndiyo maana nawagombeza vijana wa gym wanaorudia seti nzito baada ya sekunde 20, kisha wanalalamika chuma kimeongezeka uzito. Karl Lohmann aliuonyesha mwitikio huu mwaka 1934, si habari ya jana.

Sasa, CK inayosomwa kwenye damu ni ile iliyovuja. Seli za msuli zimechanika kidogo, kilichokuwa ndani kimetoka, na huko kwenye damu hakina kazi yoyote ya kukupa nguvu. Na hakuna kinachoivujisha kama kuteremka, kwa sababu msuli wa paja unakaza huku unavutwa, ukizuia mwili usiporomoke. Mtu katoka Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kashuka mpaka geti la Mweka, zaidi ya mita 4,000 kwenda chini kwa siku 2. Mpagazi ana mzigo juu yake. Anapimwa kesho yake, halafu tunashangaa? Kwa kawaida CK hufika kileleni siku 1 hadi 4 baada ya shughuli, na kwa mtu kama huyo kuikuta mara 10 ya kiwango cha juu cha fomu si ajabu. Isitoshe, watu wenye asili ya Afrika, hasa wanaume, huwa na CK ya juu hata wakiwa wamekaa tu nyumbani, na viwango vilivyochapwa kwenye fomu mara nyingi havilijali hilo.

Kuna kituko kingine. Mtu anachomwa kwenye tako sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, kisha ndipo anatolewa damu. Sindano ya msuli yenyewe inapandisha CK! Na AST, kimeng'enya kinachopimwa kuangalia ini, ikionekana juu kwenye karatasi hiyo hiyo, anaambiwa ini nalo limekwisha, wakati AST imejaa kwenye misuli pia.

Moyo huulizwa kwa troponini, protini ya msuli wa moyo inayopimwa kwenye damu, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Hata CK-MB, aina ya CK iliyo nyingi zaidi moyoni, ambayo zamani ndiyo ilitegemewa, hupanda kidogo baada ya mbio ndefu kwa sababu misuli ya miguu nayo inayo. Lakini kifua kikibana au jasho la baridi likikutoka, nenda hospitali bila kusubiri CK isemeje.

Mimi hofu yangu ni figo, maana ndizo huchuja yanayovuja kutoka kwenye misuli. CK ikiwa maelfu kwa maelfu, mapaja yamevimba na mkojo umegeuka kahawia iliyokolea, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Na tafadhali, mangi, ukiwa umeishiwa maji baada ya kushuka mlima usimeze diklofenaki, kwa kuwa unazikaba figo zilizokwisha kuelemewa. Kama una safari ya mlima, wiki kadhaa kabla anza kuteremka ngazi au vilima, kidogo kidogo. Msuli uliokwisha kuonja mteremko hupunguza kuvuja mara inayofuata. Ushauri huu nautoa kila siku, na wanaoufuata nawahesabu kwa vidole.

"CK kubwa maana yake nimefanya mazoezi kweli kweli"

Hapana. Wapo wanaopiga picha na majibu yao. Ni kipimo cha uvujaji, hakikupi msuli hata nyuzi moja.

"Maumivu ni asidi, nikandwe itoke"

Asidi hiyo, laktiki, hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi. Wewe unaumwa kesho kutwa. Kukandwa kunaburudisha, endelea nako, ila hakuna asidi inayokamuliwa.

"Unga wa kreatini unaua figo"

Kreatini, kreatinini na kreatini kinasi ni vitu vitatu. Kreatini unaila kwenye nyama na samaki, na mwili hujitengenezea nyingine. Kwa mtu mwenye figo nzima, gramu 3 hadi 5 za unga kwa siku hazina shida, ila zinaweza kuinua kidogo kreatinini, taka ya kreatini inayopimwa kuangalia figo, na asiyejua unautumia atadhani figo zinalegea. Kwa hiyo mwambie daktari kabla hajaandika kipimo. Mwenye ugonjwa wa figo asiuguse bila ruhusa yake.