Kujiandaa Kupanda Mlima Baada ya Miaka 50: Kushuka Nako Kunahitaji Mazoezi

Mtu aliyevuka miaka 50 anapoamua kujiandaa kupanda mlima, hofu yake kubwa huwa ni pumzi. Hutembea kwa kasi kila asubuhi, hupanda ngazi mpaka atokwe na jasho, na akiona hahemi tena kama alipoanza, hujihesabu kuwa yuko tayari. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi, ingawa mazoezi hupunguza kasi hiyo. Hata hivyo, kinachowaangusha wengi wa rika hili ni kushuka, na huko ndiko wanakojiandaa kidogo zaidi.

Wakati wa kupanda, misuli ya mbele ya paja hujikaza na kufupika ili kuuinua mwili. Wakati wa kushuka, misuli hiyohiyo hurefuka huku ikiwa imekaza, ikifanya kazi ya breki katika kila hatua. Kwa kuwa kazi hiyo haikati pumzi, mtu anaweza kushuka saa nyingi akidhani hachoki, kumbe nyuzi za misuli zinapata majeraha madogomadogo ambayo maumivu yake hukolea baada ya siku moja hadi tatu. Misuli iliyochoka hushindwa kulidhibiti goti, na hapo ndipo mtu anapoteleza. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye mifupa yake huenda imeanza kupungua uimara, kuanguka kwa kawaida tu kunaweza kumvunja kifundo cha mkono au nyonga. Mjapani Yuichiro Miura alifika kilele cha Everest mwaka 2013 akiwa na miaka 80, jambo la kustahili heshima kubwa. Lakini wakati wa kushuka nguvu zilimwishia, na helikopta ikamchukua kutoka kambi iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 6,500.

La kutia moyo ni kwamba misuli hujifunza haraka kazi hii ya breki, na ikishaizoea, kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Zoezi tunalolisisitiza halihitaji kifaa chochote. Simama kwenye kidato cha chini cha ngazi huku umeshika reli, mguu mmoja ubaki juu, kisha ushushe mwingine polepole ukihesabu moja hadi nne kabla kisigino hakijagusa sakafu. Goti la mguu uliobaki juu lielekee usawa wa vidole vyake, lisilalie ndani. Mara nane kwa kila mguu zinatosha kuanzia, siku mbili au tatu za wiki zisizofuatana. Baada ya muda, hamia kwenye mteremko halisi, kisha ubebe begi la mgongoni, jepesi kwanza.

Tenga miezi minne hadi sita, na usiifupishe. Misuli huimarika mapema kuliko kano, kwa hiyo mtu hujiona ana nguvu wakati kano za goti na kisigino bado hazijawa tayari, naye huongeza umbali, mteremko na mzigo kwa pamoja. Ongeza kimoja tu kwa wakati mmoja. Fimbo mbili za kutembelea hupunguza mzigo wa magoti, nasi tunazipendekeza bila kusita.

Kabla ya kuanza, muone daktari, hasa kama una kisukari, presha au ugonjwa wa moyo. Baadhi ya dawa za presha hupunguza mapigo ya moyo, hivyo kuhesabu mapigo hakutakupa kipimo sahihi cha juhudi. Pima kwa mazungumzo, yaani uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Maumivu ya kifua au kizunguzungu wakati wa mazoezi ni sababu ya kusimama papo hapo na kutafuta tiba.

Mazoezi hayamkingi mtu na maradhi ya mwinuko, yaani yale yanayoletwa na uhaba wa oksijeni sehemu za juu, ambayo huweza kujitokeza kuanzia mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa usiku uliotangulia kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika usiku mmoja zaidi palepale. Maumivu ya kichwa yakiambatana na kichefuchefu, usipande zaidi. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, tiba ya kwanza ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku, ukiwa na mtu wa kukusindikiza.