Kwa nini tamthilia mpya husomwa hadharani kabla haijaigizwa?

Waigizaji wamekaa mstari mmoja, kila mmoja na mswada wake juu ya stendi. Hakuna mavazi, hakuna taa za rangi, hakuna pazia. Pembeni yuko mtu ambaye kazi yake ni kusoma maelekezo ya jukwaani tu: "Mlango unagongwa." Mlango wenyewe haupo, lakini ukumbi mzima unakubali kwamba umegongwa, na mambo yanaendelea.

Wengi wakiliona hilo husema hela za maonyesho zimekosekana. Wanaojiona wajuzi zaidi husema huo ni usaili, hadhira imeitwa iamue kama tamthilia inafaa au haifai. Jibu la pili linakaribia ukweli, ndiyo maana linapotosha zaidi. Anayekuja kuhukumu husikiliza akitafuta alama za kutoa. Akicheka hajui amechekea wapi, akichoka husema "ndefu" na kwenda zake. Usomaji haupimi mwandishi. Unampa mwandishi nafasi ya kuipima kazi yake, na kipimo anachotumia ni hadhira.

Chukua fundi cherehani anayekuvalisha shati lililopigwa bandi. Vipimo vyako anavyo na angeweza kulimaliza bila kukuita, lakini namba hazikunji mkono. Unainua mkono, kwapa linavuta, naye anatia alama ya chaki. Uzi wa bandi unachomoka kwa mvuto mmoja. Angekuwa ameshapitisha mashine, kufumua kungeharibu kitambaa. Onyesho kamili ndiyo mashine: jukwaa likishajengwa na mwigizaji akishakariri kurasa arobaini, hakushukuru ukimwambia tatu zimeondoka. Kwenye usomaji ukurasa unabadilishwa kesho yake na hakuna anayenuna. Tena fundi hakuulizi kama shati ni zuri. Anakuuliza linabana wapi.

Kwa Wamarekani Weusi njia hii ilikuwa na uzito wa pekee. Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, mwaka 1973, Garland Lee Thompson na wenzake, akiwemo Morgan Freeman, walianzisha Frank Silvera Writers' Workshop, kwa jina la mwigizaji mzaliwa wa Jamaika aliyefariki mwaka 1970. Jumatatu usiku mswada ulisomwa, kisha watu wakabaki kuujadili mbele ya mwandishi. Sauti ya mtaa ikiwa kwenye karatasi, msomaji asiyeijua huiona maneno mengi tu. Isomwe na mwigizaji aliyekulia nayo, mbele ya watu walioizoea, mwandishi atajua mara moja lipi limeingia na lipi limedondoka. Kule Limuru mwaka 1977, tamthilia ya Kikikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii ilipitia masikio ya namna hiyo: wanakijiji wa Kamiriithu waliisikiliza na kuwasahihisha lugha waandishi wenyewe.

August Wilson, mwandishi Mweusi wa tamthilia kutoka Pittsburgh, alipeleka miswada yake kwenye mkutano wa waandishi wa Eugene O'Neill Theater Center, Connecticut, ikakataliwa mara kadhaa kabla ya "Ma Rainey's Black Bottom" kupokelewa mwaka 1982. Mkutano uliongozwa na Lloyd Richards, Mmarekani Mweusi aliyeongoza tamthilia ya "A Raisin in the Sun" huko Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwaka 1959. "Fences" ya Wilson ilisomwa hapo 1983. Ilifika Broadway 1987 na kupata tuzo ya Pulitzer. Miaka minne, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kupunguza.

Kama mjadala wa baadaye unasaidia ni suala jingine. Hadhira hupenda kumwandikia mwandishi tamthilia yake upya, na aliyesema kwa sauti kubwa si lazima awe aliyesikia vizuri. Ndiyo maana kumbi nyingi zimechukua utaratibu wa mcheza dansi Liz Lerman, wa mwaka 1990: kwanza wasikilizaji wanataja kilichowagusa, kisha mwandishi anauliza, kisha wao wanauliza bila kupachika maoni ndani ya swali, na maoni yanakuja mwisho, mwandishi akiruhusu. "Mbona mwisho ni mrefu hivi?" hairuhusiwi. "Ulitaka mwisho utuache vipi?" inaruhusiwa. Hiyo hatua ya tatu ni ngumu ajabu, jaribuni nyumbani.

Usomaji una upendeleo wake pia. "Wanatazamana kwa muda mrefu" husomwa kwa sekunde mbili, na ukimya wenyewe unapotea. Tamthilia ya maneno hung'aa, ya mwili hufifia. "For colored girls" ya Ntozake Shange, iliyoanzia kwenye baa karibu na Berkeley mwaka 1974, ni ushairi na dansi pamoja. Sioni jinsi ingetosha kwenye stendi.

Lawama kubwa ya waandishi ni kwamba kumbi hupenda kusoma kuliko kuigiza. Kusoma ni rahisi, na mwandishi anaweza kuzungushwa kutoka usomaji mmoja hadi mwingine miaka na miaka bila pazia kufunguliwa. Kwa Weusi wa Marekani, kumbi zenyewe pia zilikuwa haba: mwaka 1996, akihutubia huko Princeton, Wilson alisema kati ya kumbi 66 za umoja wa kumbi kubwa za kitaalamu, LORT, ya Weusi ilikuwa moja tu, Crossroads ya New Jersey.