Kupima Kihisi Joto cha Oveni Kabla ya Kununua Kipya

Malalamiko yanayofika kwenye karakana ya chuo chetu kuhusu majiko ya oveni hufanana sana: keki imeungua juu na katikati bado ni mbichi, mkate uliokuwa ukiiva kwa dakika 40 sasa unataka saa nzima, au kioo cha jiko kinaonyesha nyuzi 180 ilhali kipimajoto kilichowekwa ndani kinasoma 150. Mara nyingi mwenye jiko anakuwa ameshaambiwa anunue bodi mpya ya kielektroniki, ambayo ni miongoni mwa vipuri ghali zaidi vya jiko. Kwa wale wanaooka nyumbani kwa biashara, ushauri wa namna hiyo usiotanguliwa na kipimo chochote ni hasara kubwa, kwa kuwa kihisi joto, yaani kifaa kinachoiarifu bodi joto la oveni, kinaweza kupimwa kikiwa baridi, kwa multimita ya kawaida (kipimo cha umeme cha mafundi), katika muda mfupi.

Kwanza ni kulijua jiko lenyewe. Majiko mengi ya kusimama yanayotumika katika nchi zetu, yale yenye kitasa cha kuzungusha kilichoandikwa nyuzi, hayana kihisi cha kielektroniki. Yana themostati yenye mrija mwembamba uliojazwa kimiminika, ambacho hutanuka kadiri joto linavyopanda hadi kusukuma swichi au vali. Mrija huo ukipasuka hubadilishwa themostati nzima, na vipimo nitakavyoeleza hapa havikihusu kifaa hicho. Vilevile kuna themokapo, kijiti kinachokaa kando ya mwali wa gesi ili kuifunga gesi mwali unapozimika ghafla. Hicho ni kifaa cha usalama na hakipimi joto la kuokea, ingawa madukani huchanganywa na kihisi mara kwa mara. Ninachokizungumzia ni kihisi cha majiko yenye kioo cha tarakimu na vitufe.

Kihisi hicho ni kijiti cha chuma cha pua, chenye unene unaokaribia ule wa kalamu, kinachochomoza ndani ya oveni kutoka ukuta wa nyuma. Ndani yake mna platinamu, madini ambayo ukinzani wake wa umeme hupanda kwa mpangilio unaojulikana kadiri yanavyopata joto. Aina iliyoenea sana huwa na omu 1000 (omu ni kizio cha ukinzani) katika nyuzi 0 za Selsiasi, na kuanzia hapo huongezeka kwa karibu omu 3.9 kwa kila nyuzi moja. Bodi hupokea ukinzani tu, kisha huutafsiri kuwa joto. Kwa hiyo chochote kinachoongeza ukinzani, kama vile kiungo cha waya kilichopata kutu, huifanya bodi iamini kwamba oveni ina joto kuliko ilivyo, nayo hukata hita mapema na chakula kikabaki kibichi. Chochote kinachoupunguza, kama vile waya mbili zilizochubuka na kugusana, huifanya iamini kwamba oveni ni baridi, nayo huendelea kupasha.

Hata hivyo, si kila oveni isiyoivisha ina kihisi kibovu. Umeme ukiwa hafifu, kama inavyotokea jioni katika mitaa mingi, nguvu ya hita hushuka kwa kasi kuliko watu wanavyodhani: hita ya wati 2000 iliyotengenezwa kwa volti 230 hutoa kama wati 1500 tu volti zinaposhuka hadi 200. Oveni huchelewa sana kupata joto, lakini kihisi ni kizima. Hita ya chini iliyokatika na mpira wa mlango uliochakaa navyo huleta dalili zinazofanana na hizo. Ndiyo maana ninapendelea kuanza na kipimajoto cha oveni kilichowekwa katikati ya rafu: washa nyuzi 180, subiri nusu saa, kisha soma mara kadhaa kwa kupishana dakika tano na utafute wastani, kwa sababu hata oveni nzuri hupanda na kushuka hita inapowaka na kuzimika. Wastani ukitofautiana na nyuzi ulizochagua kwa 10 au 15, huo si ubovu, na majiko mengi ya kielektroniki huruhusu marekebisho kwa njia iliyoelezwa katika kitabu cha maelekezo. Tofauti ikifika nyuzi 30, au kioo kikionyesha alama ya hitilafu, pima kihisi.

Zima umeme kwenye swichi kuu au chomoa plagi, funga gesi kwenye mtungi ikiwa jiko linatumia vyote viwili, na uache oveni ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Kihisi hushikiliwa kwa skrubu mbili. Kivute polepole hadi kiunganishi chake kitokee, na ukishike kisirudi nyuma ya ukuta. Katika baadhi ya majiko kiunganishi hufikiwa kwa nyuma tu. Kichomoe kutoka kwenye waya za jiko, weka multimita kwenye omu, kipimo cha 2000, kisha gusisha ncha zake kwenye pini mbili za kihisi.

Namba utakayoiona lazima isomwe pamoja na joto la chumba, na hapa ndipo vihisi vizima vinapotupwa. Maelekezo mengi hutaja omu 1080, lakini hiyo ni namba ya chumba chenye nyuzi 20 hivi. Asubuhi yenye ubaridi jijini Nairobi utaipata karibu kabisa, ilhali jikoni Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 kihisi kilekile kitasoma kama 1117, nacho hakina kasoro yoyote. Multimita ikionyesha kwamba hakuna njia ya umeme kabisa, kihisi kimekatika. Ikisoma karibu na sifuri, waya zimegusana. Ikisoma kama 540, huenda jiko lako linatumia kihisi cha omu 500, kwa hiyo hakiki katika maelezo ya mtengenezaji kabla ya kukihukumu.

Kihisi kinaweza pia kuwa sawa kikiwa baridi na kuharibika kikipata joto. Chovya ncha yake tu, bila kulowesha waya, katika maji yenye barafu nyingi: isome karibu 1000. Kisha ichovye katika maji yanayochemka: pwani utapata karibu 1385, na Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko, tarajia 1362 au zaidi kidogo. Namba ikirukaruka unapotikisa waya, kihisi ni kibovu. Mwisho, pima kati ya kila pini na gamba la chuma. Pasiwe na njia ya umeme hata kidogo.

Kihisi kikifaulu vipimo hivi vyote, kirudishe kwenye waya zake na umwombe fundi apime upande wa bodi, umeme ukiwa bado umezimwa na waya za kihisi zikiwa zimetolewa kwenye bodi. Namba zikizidi zile za awali kwa omu 40, kosa liko kwenye waya au viunganishi, na omu 40 hizo zinatosha kuifanya oveni ikate hita mapema kwa takriban nyuzi 11. Namba zikilingana, hapo ndipo bodi inapostahili kushukiwa.

Oveni inayozidisha joto isitumike hata kwa siku moja zaidi. Wala waya za kihisi zisiunganishwe zenyewe kwa zenyewe, kihisi kikirukwa, ili tu kuondoa alama ya hitilafu, kwa kuwa bodi ikikosa taarifa sahihi ya joto haina njia ya kujua wakati wa kuzima hita.

Unaponunua kihisi kipya, nenda na namba ya modeli ya jiko, ambayo kwa kawaida huandikwa kwenye fremu ya mlango, na uombe kukipima dukani. Cha omu 500 kikifungwa mahali pa cha 1000, bodi itadhani oveni imeganda kwa baridi. Ikibidi kuunga waya, tumia viunganishi vya kauri vinavyostahimili joto. Utepe wa plastiki huyeyuka, na risasi ya kuchomelea ya kawaida hulainika kwenye nyuzi 183, joto la kuokea keki. Kisha rudia jaribio la kipimajoto kwenye nyuzi 180 kabla ya kuweka unga wowote ndani.