Uigaji kwa vipepeo: kumtambua mwigaji pichani

Uigaji ni hali ya kiumbe asiye na sumu kufanana na mwenye sumu, hivyo maadui wakamwacha. Anayeigwa tumwite mwigwa, na anayeiga, mwigaji. Mwingereza Henry Walter Bates ndiye aliyeueleza mwaka 1862, baada ya miaka 11 ya kukusanya wadudu Amazon, ndiyo maana huitwa uigaji wa Bates. Kipepeo hachagui kuiga. Ndege huwala wale wasiofanana na mwigwa. Wanaofanana naye hubaki wakataga mayai, kizazi baada ya kizazi.

Afrika Mashariki, jozi inayowachanganya sana wapiga picha ni Danaus chrysippus na jike la Hypolimnas misippus. Wote wana upana wa takriban sentimita 7, rangi ya machungwa inayoelekea hudhurungi, na ncha nyeusi za mabawa ya mbele zenye mkanda mweupe. Danaus hupata sumu akiwa bado kiwavi, kutoka kwenye mimea yenye utomvu mweupe. Kiwavi wa Hypolimnas hula tako la hasani na mimea mingine isiyo na sumu hiyo. Dume wa Hypolimnas wala haigi: ni mweusi, ana mabaka makubwa meupe yenye mng'ao wa zambarau pembeni, na huwezi kumdhania kuwa mmoja wa hao wawili.

Kosa la kawaida ni kuamua kwa rangi. Ndege akiwa mbali huona rangi na mkanda mweupe, kwa hiyo hivyo ndivyo vilivyoigwa barabara. Tofauti zimebaki kwenye vitu vidogo ambavyo ndege havikagui.

Anza na bawa la nyuma. Danaus ana madoa meusi matatu karibu na katikati ya bawa. Dume ana la nne, kubwa zaidi, ambalo ni mfuko wa harufu. Jike wa Hypolimnas ana doa moja tu, nalo liko kwenye ukingo wa mbele wa bawa hilo. Hapa ndipo picha nyingi zinapokwama: kipepeo akitua na mabawa nusu wazi, bawa la mbele hufunika ukingo ule na doa linapotea. Kutoliona si ushahidi kwamba halipo. Tafuta yale matatu ya katikati. Kama eneo hilo linaonekana wazi na ni tupu, huyo si Danaus.

Kisha tazama kingo. Za Hypolimnas zina mawimbi, za Danaus zimenyooka zaidi. Kipepeo mzee aliyechanika hudanganya, basi linganisha kushoto na kulia: mawimbi ya asili hulingana pande zote mbili, michaniko hailingani. Malizia na kichwa na kifua, ambavyo kwa Danaus ni vyeusi vyenye vitone vyeupe dhahiri. Kuhesabu miguu hakusaidii, maana wote ni wa familia ya Nymphalidae na wote huonekana kama wana minne.

Mambo huwa magumu zaidi kwa sababu Danaus mwenyewe ana sura kadhaa. Iitwayo dorippus, ya kawaida sehemu kavu za Kenya, haina ncha nyeusi. Alcippus ina bawa la nyuma jeupe. Majike wa Hypolimnas wana sura zinazofuata zote mbili. Kwa hiyo ncha isiyo nyeusi haikuambii lolote kuhusu spishi.

Unapopiga, chukua picha mbili: moja ya upande wa juu, nyingine ya chini mabawa yakiwa yamefungwa. Elekeza lenzi ilikabili bawa moja kwa moja, la sivyo nusu yake itakuwa na ukungu. Kwa kamera, tundu la lenzi la f/8 na kasi ya 1/500 ya sekunde hutosha penye mwanga mzuri. Kwa simu, gusa skrini juu ya bawa la nyuma, si la mbele. Andika tarehe na mahali. Jua la jioni huongeza wekundu, sababu nyingine ya kutoiamini rangi.

Ukiona kipepeo mdogo zaidi wa mchoro uleule, mwenye vidoa vingi vidogo kwenye shina la bawa la nyuma, huyo ni wa kundi jingine la vipepeo, Acraea. Naye ana sumu yake, kwa hiyo si mwigaji wa Bates. Acraea encedon na A. encedana hutenganishwa kwa viungo vya uzazi chini ya hadubini. Kwa picha andika majina yote mawili, uishie hapo.