Simu ya Nyumbani na Afya ya Akili ya Mwanafunzi wa Chuo

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vya Tanzania hupokea wanafunzi wapya, na katika muda wa siku chache kijana aliyezoea kengele ya shule ya bweni hujikuta akijipangia mwenyewe saa ya kulala, ya kula, ya kusoma, na namna ya kutumia fedha. Walio wengi huzoea. Wapo wasiozoea, na mabadiliko haya huwakuta katika umri ambao tayari una hatari zake, kwa kuwa zaidi ya nusu ya matatizo ya akili yanayowapata binadamu huanza kabla mtu hajatimiza miaka 25. Kwa hiyo sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), hofu iliyopita kiasi au hata ugonjwa mkubwa wa akili ukijitokeza mwaka wa kwanza au wa pili wa masomo, wazazi wasikimbilie kudhani kwamba chuo kimemharibu mtoto wao au kwamba wao walikosea katika malezi.

Familia iliyoko Songea au Bukoba haiwezi kumtibu kijana aliyeko Dar es Salaam au Dodoma. Liko, hata hivyo, jambo moja ambalo familia ndiyo huliamua kuliko mtu mwingine yeyote, nalo ni kama kijana huyo anaweza kupiga simu nyumbani na kutoa habari mbaya.

Wanafunzi wengi hufika chuoni kwa jasho la watu wengi. Pamoja na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, kuna shamba lililouzwa, michango ya ukoo, pengine dada aliyeacha shule ili huyu asome. Kijana anayajua yote hayo, na wala hahitaji kukumbushwa. Anapopata sapu, yaani mtihani wa marudio baada ya kufeli, katika masomo mawili au matatu, au anapodisko kabisa, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, hesabu ya kwanza inayopita kichwani mwake ni ya watu atakaowaangusha. Katika vyuo vyetu si jambo geni mwanafunzi aliyeondolewa masomoni kuendelea kuishi geto, chumba cha kupanga, karibu na chuo, akipokea fedha za matumizi kutoka nyumbani na kujibu simu kwa kunong'ona kwamba yuko darasani, mpaka wazazi waanze kuulizia tarehe ya mahafali. Mitaani kijana huyo huitwa tapeli. Sisi tunaokutana naye katika chumba cha unasihi (ushauri nasaha) huona mtu ambaye kwa miezi mingi amekuwa akitunga habari mpya kila wiki, akiwakwepa waliokuwa wakisoma naye na kukesha bila usingizi, na ambaye kufeli kwenyewe kumeshaacha kumtisha. Kinachomtisha ni siku ambayo baba atajua.

Ndiyo maana maneno ya kumwezesha kusema yanapaswa kutangulia tatizo. Mzazi aseme waziwazi, ikiwezekana kabla kijana hajapanda basi: "Ukipata sapu tuambie, na hata ukidisko tuambie, tutakaa na kupanga." Wazazi wengi huogopa kwamba kauli hiyo itamlegeza mtoto asisome kwa bidii. Kwa maoni yangu hofu hiyo imekuzwa mno. Anayejua kwamba atasikilizwa huleta habari mapema, wakati mtihani wa marudio bado haujafanyika na msaada bado una nafasi ya kufanya kazi.

Baada ya hapo kuna simu za kila wiki, ambazo katika nyumba nyingi hufuata mkondo uleule: shikamoo, marahaba, masomo yanaendaje, yanaenda vizuri, haya mwanangu soma kwa bidii tunakutegemea wewe. Mazungumzo ya namna hiyo yanaweza kurudiwa mwaka mzima bila mtu kujua lolote. Maswali madogo yenye majibu ya wazi hufichua zaidi: jana ulilala saa ngapi, leo umekula nini na nani, yule mwenzako wa chumbani hajambo, Jumapili ulikwenda kanisani, au Ijumaa uliswali wapi. Anayejibu kwamba tangu jana amekunywa chai tu, kwamba analala alfajiri na kuamka saa nane mchana, na kwamba siku hizi hana anayetembea naye, ameshaeleza mengi bila kutumia neno lolote la kitabibu. Hali kama hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, inafaa aonane na mtaalamu.

Fedha nazo husema. Siku boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo, linapochelewa, karibu kila mwanafunzi hupiga simu nyumbani, na hilo ni la kawaida. Linalotakiwa kumshtua mzazi ni mtoto anayeomba fedha ndogondogo kila baada ya siku mbili kwa sababu zisizoeleweka, ambayo yaweza kuwa dalili ya kubeti, ya ulevi, au ya mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa mno; na vilevile mtoto aliyeacha kuomba kabisa, simu yake ikiwa haipatikani mara kwa mara.

Si lazima mzazi awe ndiye anayeuliza. Mila zetu zilikwisha kuweka watu wa kazi hii: yapo mambo ambayo kijana hawezi kumwambia baba yake lakini atamwambia shangazi, mjomba, au bibi anayetaniana naye. Familia ichague mmoja wao, anayejua kutunza siri, na imwachie nafasi ya kuzungumza na kijana bila kudaiwa taarifa ya kila neno.

Kila chuo kina ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na vingi vina wanasihi na zahanati. Mzazi anaweza kuwapigia akaeleza wasiwasi wake, ingawa asitarajie kusimuliwa aliyoyasema kijana huko ndani, kwani ni mtu mzima na siri zake zinalindwa. Tatizo likizidi uwezo wa chuo, hospitali za rufaa za mikoa na za kanda, Muhimbili, na Mirembe ya Dodoma zinatoa huduma za afya ya akili. Wenye kutaka kumwombea au kumsomea dua wafanye hivyo. Tunachoomba ni kwamba asikatishwe dawa. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana vizuri, na familia nyingi huziacha katika wiki hizohizo zikidhani hazifanyi kazi.

Akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, aulizwe moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na wengi hupumua wanapoulizwa. Jibu likiwa ndiyo, au likiwa kimya cha muda mrefu, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mzazi aliye mbali apige simu kwa mwenzake wa chumbani, kwa mshauri wa wanafunzi, au kwa ndugu aliye karibu ili apelekwe hospitali. Na ikiwa yuko nyumbani kwa likizo, sumu za kuulia wadudu wa shambani na dawa za hospitali zifungiwe mahali asipopafikia.

Huenda daktari akashauri apumzike masomo. Hapo familia nyingi hukataa kwa kuogopa maneno ya majirani, kijana akarudishwa darasani akiwa mgonjwa, na hatimaye akadisko kwa matokeo ambayo yangeweza kuepukwa. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha mwaka kwa sababu za kiafya: mwanafunzi huandika barua, huambatanisha ripoti ya daktari, na huiwasilisha kabla ya mitihani kuanza, kwa kuwa baada ya matokeo kutoka maombi hayo huwa magumu kukubaliwa. Mwenye mkopo apite pia kwa ofisa mikopo wa chuo ajue mkopo utasimamishwa na kurejeshwa vipi, na ahakikishe amepewa barua ya kukubaliwa kuahirisha, kwani ndiyo atakayotakiwa kuionyesha siku ya kurudi.