Pampu ya Hewa Inafanya Kazi Juu ya Maji

Wiki hii nimeletewa tena lalamiko lile lile: mteja amenunua pampu ya hewa ya tangi la samaki, kubwa kuliko ya kwanza, maji yanatokota kama uji jikoni, lakini alfajiri samaki bado wako juu wanatweta. Imani iliyomfikisha hapo ni kwamba kiputo hubeba oksijeni na kuimwaga majini. Katika tangi la kina cha sentimita 40, kiputo hupanda na kupasuka ndani ya sekunde mbili hivi, na hewa yake karibu yote hutoka nacho. Kazi kubwa hufanyika usoni: safu ya viputo huinua maji ya chini yaliyochoka na kuyafikisha juu, na hapo ndipo oksijeni huingia na kaboni dioksaidi hutoka. Nyunyiza chembe chache za chakula cha samaki, kisha uzitazame kwa makini. Zikitulia pembeni bila kusogea, maji ya pale yamelala, hata kama katikati panatokota. Sogeza jiwe la hewa, lile lenye vitundu linalotoa viputo mwishoni mwa mpira, kabla ya kununua pampu nyingine.

Joto nalo lina sauti yake. Maji ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, jambo la kawaida Dar es Salaam mwezi Februari, hushika 7.5 hivi, na kuyatikisa zaidi hakuvuki kikomo hicho. Usiku mimea nayo huvuta oksijeni ile ile, kwa hiyo anayezima pampu kwa ajili ya kelele huizima saa mbaya kuliko zote. Iwekee sponji chini, uiache iendelee.

Katika kuchagua, angalia kwanza kina ambacho pampu inaweza kusukuma. Namba ya lita kwa saa naitilia shaka, kwani mara nyingi haisemi imepimwa katika kina gani. Kuhusu mawe ya viputo vidogo nimebadili mawazo mara kadhaa: yanagusa maji zaidi, lakini huziba upesi na kuichosha pampu.

Umeme ukikatika, maji hurudi kwa njia ya mpira hadi kwenye pampu iliyo chini ya tangi. Iweke juu ya usawa wa maji, au funga vali ya kuzuia maji kurudi, na uipulize kwanza kwa mdomo: hewa ipite kuelekea tangini, upande wa pili ikatae.