Jicho kwa jicho si kisasi

Timu ikifungwa nyumbani kisha ikashinda marudiano, kichwa cha habari ni "jicho kwa jicho". Mwizi akichomwa moto barabarani, hakosi mtu wa kusema hata Biblia imeruhusu. Na wapo wahubiri wanaoutumia msemo huohuo kuwachora Wayahudi kama watu wa kulipiza, eti huruma ilikuja baadaye. Hawa wa mwisho ndio wanaonikera zaidi, kwa kuwa wanaaminiwa na wasikilizaji wao.

Kwa kifupi, katika sheria ya Kiyahudi jicho kwa jicho ni fidia ya fedha. Maneno yenyewe yamo katika Kutoka 21, Walawi 24 na Kumbukumbu la Torati 19. Lakini Wayahudi hawasomi Torati bila mapokeo ya marabi, yaani walimu wa sheria yao, na hao marabi walishalimaliza suala hili zamani. Mishna, mkusanyiko wa sheria za mapokeo hayo uliokamilika mnamo mwaka 200 baada ya Kristo, inaeleza katika sura ya nane ya kitabu chake kiitwacho Bava Kamma namna ya kumlipa aliyetobolewa jicho au kukatwa mkono. Habari ya kumtoboa mkosaji naye haimo.

Talmudi, mjadala mrefu wa marabi juu ya Mishna, inatoa sababu nyingi. Hesabu 35:31 inakataza kupokea fidia kwa uhai wa muuaji. Basi kama uhai umetengwa hivyo, viungo fidia yake inapokelewa. Rabi Shimon bar Yochai aliuliza: kipofu akimpofusha mwenzake, utamtoboa jicho gani? Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika kwamba hivyo ndivyo mahakama zilivyohukumu tangu enzi za Musa na Yoshua. Na kisasi chenyewe kimekatazwa waziwazi katika Walawi 19:18, ndani ya aya ileile inayoamuru umpende jirani yako kama nafsi yako.

Hapo wengi husema, "Sawa, kumbe ni faini tu." Hapana. Faini unailipa serikalini ukaondoka. Hapa mkosaji anadaiwa na mtu aliyemuumiza, na madai ni matano: upungufu wa kiungo, maumivu, matibabu, kazi iliyokosekana na aibu. Upungufu ulipimwa kwa bei ya mtumwa sokoni, kabla na baada ya kuumia, kipimo ambacho leo kinatuchukiza. Maumivu yanalipwa hata kama hakuna jeraha: Mishna inamtaja mtu aliyechomwa kwa chuma cha moto juu ya ukucha. Vidonda vikizuka baadaye kwa sababu ya jeraha lile, aliyejeruhi anarudi kugharimia. Siku za kulala kitandani zinahesabiwa kwa ujira wa mlinzi wa shamba la matango, yaani kazi anayoiweza hata mwenye mkono mmoja, kwa kuwa mkono wenyewe umeshalipiwa.

Dai la aibu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mtu mmoja alimfunua mwanamke kichwa sokoni, na Rabi Akiva akamtoza zuz 400, yaani sarafu za fedha za wakati ule. Yule bwana akaomba muda, kisha akavunja mtungi wa mafuta kidogo mbele ya mlango wa mwanamke huyo. Mwanamke akajifunua mwenyewe ili ayachote mafuta na kujipaka kichwani. Mashahidi walikuwa wameshawekwa tayari. "Huyu ndiye nimlipe 400?" Rabi Akiva hakubadili hukumu: mtu kujivunjia heshima mwenyewe hakumpi mwingine ruhusa ya kumvunjia.

Sasa linganisha na barabara zetu. Bodaboda ikimgonga mama muuza mboga, wazee hukaa, bili ya hospitali hulipwa, na shauri huonekana limekwisha. Katika hesabu ya Mishna hilo ni dai moja tu kati ya matano. Nani amemlipa wiki ambazo genge lilifungwa, au mguu usiopinda tena? Na hata yote yakilipwa, Mishna inasema mkosaji hasamehewi mpaka aende mwenyewe kuomba radhi. Aliyeumizwa naye anaonywa asiwe na moyo mgumu.

Kwa hiyo, ndugu mhubiri, ukifika Mathayo 5:38, Yesu anapoutaja msemo huu, soma na mfano unaofuata. Ni kofi la shavu la kuume. Mwenye kutumia mkono wa kulia hulifikia shavu hilo kwa mgongo wa mkono, na Mishna inatoza kofi la kawaida zuz 200, la mgongo wa mkono 400, kwa sababu linadhalilisha zaidi. Wasikilizaji wako wana haki ya kujua kwamba Myahudi aliyesema maneno yale alikuwa akizungumza na Wayahudi wenzake, na kwamba kumwachia aliyekupiga kofi hilo kungeweza kuwa ni kusamehe deni halali.